Usimkimbilie Mtoto Akilia

Tarehe 3 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mjukuu wako sasa hivi amekichukua kijiko changu cha chai, akakigonga kwenye ndoo, akasikiliza, akagonga tena, halafu akajikongoja mpaka mlangoni na kukificha ndani ya kiatu changu cha kazini. Nimemwona. Nimejifanya sikumwona, maana akijua nimemwona atatafuta maficho mengine, na mimi kesho nitakoroga chai kwa kidole. Ndiyo sababu mtaa mzima unamwita Kijiko, na mimi nimekuwa Mama Kijiko hata kwa watu ambao hatujawahi kusalimiana.

Barua yako nimeipata. Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikamsomea Kijiko. Hakuelewa kitu lakini alipiga makofi. Kwamba umeniombea kazi katika nyumba hiyo hiyo uliyomo, na wenye nyumba wamekubali! Mama, tangu uondoke mimi nakujua kwa mwandiko wako tu, na kwa ile sauti ya Jumapili kwenye simu yao, inayoongea haraka haraka kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Sasa nitakuona mpaka miguu. Usicheke. Katika picha zote unazotuma umekatwa kiunoni.

Mama Funguo, mwenye nyumba wetu, yule anayenishikia Kijiko nikiwa kazini, amenionya nisitangaze mapema, watu wana midomo. Nimeshindwa. Nimemwambia bosi wangu wa dobi. Akasema, "Sasa pasi yangu unamwachia nani, we binti? Hao wengine wananiunguzia kola." Nikamwambia atafute mtu, mimi na mwanangu tunaondoka. Nilipenda sana nilivyolisema hilo, nikalisema mara ya pili.

Kuhusu baba Kijiko usiniulize. Alishajiendea zake, hata soksi hakuacha.

Wakala wa kazi za ng'ambo aliyekuja kuchukua jina langu anasema nitaulizwa maswali kwa Kiingereza, ya kazi za nyumbani. Mama, Kiingereza changu kiliishia darasa la saba, na hapo nilikuwa nimekaa karibu na dirisha. Nianzie wapi?

Mwanao,
Mama Kijiko


Tarehe 24 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Anzia na neno moja. Run. Ukilijua hilo, nusu ya nyumba hii umeielewa.

Kwetu kukimbia ni kukimbia. Una miguu, una sababu, unakimbia. Hawa wanakimbiza kila kitu isipokuwa wao wenyewe. Bomba likiachwa wazi, run. Pua ya mtoto ikichuruzika, run. Mtoto akipanda homa nayo ni run, ingawa amelala kama gogo. Maziwa yakiisha kwenye friji, run na kijineno kingine kimefungwa mkiani. Basi la kupita hapa mbele likiwa na kazi mpaka jioni, run. Bosi wangu akiongoza ofisi yake, run. Akiwaambia wageni kwamba anayeiendesha nyumba hii si yeye bali ni mimi, run hiyo hiyo, na wageni wanacheka, nami naondoa vikombe. Rangi ya nguo ikichuja ndani ya maji na kuharibu nyingine, hapo mtu wa dobi hahitaji mwalimu.

Wiki yangu ya kwanza aliniambia neno hilo kuhusu maji ya kuogea mtoto. Nikakimbia. Nikafika bafuni nahema, nikasimama kando ya lile beseni lao kubwa nikisubiri kuambiwa kinachofuata. Alinikuta hapo. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nami nikacheka, ningefanyaje. Kumbe nilitakiwa kufungua tu maji yajae.

Sasa sikiliza la maana kuliko maneno. Nyumba hii ina taratibu zake. Mtoto anaoga saa kumi na mbili jioni, iwe mvua iwe jua. Mtoto habebwi mgongoni. Mtoto halali na mtu, ana chumba chake, taa imezimwa, mlango umerudishwa. Na akilia, usimkimbilie. Wakala hulipenda sana swali hilo, kwa hiyo lijue kwa Kiingereza chake, nimekuandikia kwenye kikaratasi: mtoto akilia sikimbii, nasubiri ajinyamazie. Lirudie mpaka ulimi ukubali.

Na Kijiko umwanzishe sasa. Awe analala kwa Mama Funguo. Asikuzoee sana. Fanya polepole, usimkate ghafla. Siku ikifika itakuwa rahisi kwenu wote wawili.

Mama yako


Tarehe 17 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo tena. Nimefanya kama ulivyosema, na neno lako limeniingia kichwani mpaka linanisumbua. Juzi soksi nyekundu ilijificha kwenye mashati ya mteja, mashati yote yakatoka ya waridi. Nikamwambia bosi, "Bosi, imerun." Akasema, "Ingerun iende wapi? Ipo hapa mbele yangu, na mwenye mashati anakuja saa nane. Wewe ndiye utakayerun." Tulicheka halafu tukaloweka upya.

Kijiko sasa anaoga saa kumi na mbili kama mtoto wa balozi. Mgongoni hapandi tena. Akija kunishika sketi kwa nyuma ananyoosha mikono, nami naendelea na kazi yangu kama sijamsikia. Mama, hilo ni gumu kuliko Kiingereza.

Kulala ndiko kulikotushinda mwanzoni. Alilia mpaka akatapika. Mimi nimekaa nje ya mlango wa Mama Funguo, viganja masikioni, nalirudia jibu la wakala: sikimbii, nasubiri, sikimbii, nasubiri. Mama Funguo akatoka na rundo lake la funguo kiunoni, akasema, "Huu ni ustaarabu gani wa kumliza mtoto wako mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo desturi ya kule tunakokwenda, afadhali alie hapa kuliko akaniaibishe mbele ya wenye nyumba. Akaguna. Ana guno kama kufuli linafungwa.

Sasa halii sana. Analala huko bila fujo. Nilidhani nitafurahi zaidi.

Nimemshonea koti. Kuna blanketi lilisahauliwa dobi muda mrefu, bosi akasema lichukue, mwenyewe hatalirudia. Ni la kijivu, ndani nimeweka kitambaa laini. Nimelifanya kubwa kidogo ili aendelee kukua nalo akiwa huko. Nataka kukuuliza, hicho chumba chake kina dirisha? Kiko karibu na changu au na chako? Kitanda kina ukingo? Anaviringika sana. Na waambie wenye nyumba mapema, wasije wakakosa vijiko vyao wakadhani tumeleta mwizi. Wakitazama kwenye viatu watavikuta.

Mwanao mwenye hamu,
Mama Kijiko


Tarehe 6 Aprili

Mwanangu,

Naandika kwa haraka. Ya chumba tutaongea.

Picha ya pasipoti uipige peke yako, usimpakate Kijiko, ndivyo wanavyotaka. Endelea na neno. Unachotakiwa kujua zaidi ni lile la homa, maana mtoto wa hapa, huyu mdogo waliyemzaa mwaka jana, homa humpanda mara kwa mara. Jana ilimpanda mchana. Mama yake alikuwa ofisini. Nilimsikia nikiwa chini na nguo, nikapanda ngazi zile mbio na haya magoti yangu, sijui hata nilivyofika. Nikampitishia kitambaa cha maji mgongoni polepole, kwenda na kurudi, mpaka akatulia. Alikishika kidole changu hiki kidogo akakataa kukiachia. Nikakaa hapo hapo sakafuni mpaka magari ya kurudi kazini yakaanza kusikika.

Magoti si mazuri. Usihangaike.

Je, Kijiko bado analia? Niambie ukweli. Kama hajaacha, ongeza bidii, muda umebaki mdogo.

Mama yako


Tarehe 28 Aprili

Mama,

Wakala amenihoji leo. Nilimvalisha Kijiko lile koti ingawa jua lilikuwa kali, nikasema acha aonekane mtu wa safari. Tulipoingia wakala akatutazama, akaniuliza kama nimekosa wa kumwachia. Nikasema, "Huyu ndiye ninayekwenda naye." Akadhani natania, akafungua maswali.

Ya maji nilijibu. Maziwa yakiisha, nilijibu. Homa, nilijibu. Tukafika lile lenyewe, mtoto akilia utafanya nini. Nikalitoa kwa Kiingereza bila kukwama hata kidogo: sikimbii, nasubiri ajinyamazie.

Akagonga kalamu mezani. "Safi sana. Wewe umefundwa."

Nikasema nimefundwa na mama yangu.

"Najua. Mpango wote si ni wake? Wewe unaingia, yeye anatoka. Magoti yamemwishia, na wale wamezaa tena, wanataka mwenye nguvu. Huyu mdogo atakaa na bibi yake, vizuri kabisa."

Nikamuuliza, bibi yake yupi.

"Kwani ana wangapi? Dada, nina watu nje. Nafasi ni ya mtu mmoja. Nyumba ile haichukui mfanyakazi mwenye mtoto, wala haijawahi. Hukuambiwa?"

Nikasema niliambiwa. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani nilikuonea aibu.

Tulipotoka nilimvua koti nikamweka mgongoni, nikamfunga. Hakunishika, mama. Zamani akifika mgongoni ananikamata mabega kama anayeogopa kuibiwa. Leo aliacha mikono ikining'inia chini, amekaa kama mzigo wa mtu mwingine. Nilitembea naye hivyo mpaka nyumbani. Nikamlaza apumzike, nikatoka kuanika nguo. Niliporudi alikuwa ameshaamka, macho wazi, anatazama dari. Hakulia. Hakuniita. Sijui alikuwa macho tangu saa ngapi. Aliponiona hakunyoosha mikono, alinitazama tu kama anavyoitazama dari.

Nimemfundisha vizuri. Nimekaa na mwanangu nikamfundisha kidogo kidogo kuishi bila mimi, nikidhani namfundisha adabu za kwenu, na kila nilipomaliza nilikushukuru kwenye maombi yangu.

Naomba unijibu kitu kimoja. Ulikuwa uniambie lini? Nikiwa tayari nimefunga mkanda kwenye ndege?

Mama Kijiko


Tarehe 19 Mei

Mwanangu,

Ningekuambia ungekubali? Jibu hilo kwanza, ndipo uendelee kunikasirikia.

Mimi nilipokuacha sikukuzoesha. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna kuzoesha. Niliondoka tu. Bibi yako, Mungu amrehemu, akanipa habari kwamba ulilia mpaka ukapoteza sauti, ukawa unafungua mdomo na hakitoki kitu. Habari hizo zilinikuta nimempakata mtoto wa watu, na yule akalia, nami nikambembeleza, maana ndiyo kazi. Tangu siku hiyo nikajiapia, kama itatokea tena ifanyike kwa upole, mtoto asijue kilichompata. Wewe unaona nilichofanya ni ukatili. Mimi nilikuwa nakupunguzieni.

Na usidhani nakuja kulala. Nataka nimlee Kijiko. Sasa nayajua malezi, nimekuza watoto wa nyumba hii mmoja baada ya mwingine, wananiita jina la utani, wakiugua wananitaka mimi. Wewe ulinipata sijui kitu. Kijiko atanipata najua kila kitu. Kuna ubaya gani hapo? Nawe utamtumia viatu, vitabu, utaongea naye Jumapili. Atakua. Watoto husahau. Wewe unakumbuka nini cha siku ile? Hukumbuki chochote.

Lile darasa la saba lenye dirisha ulikaa kwa mikono ya nani? Si hii hii inayoandika?

Sikutaka kukuambia lakini nakuambia. Ngazi za nyumba hii sizishuki tena kwa miguu. Wakiwa hawapo nashuka kwa makalio, ngazi moja moja, kama mtoto, nikisikia gari nje nasimama. Wamesema kama haji mtu wa damu yangu wanayemwamini kama mimi, basi nikae nao mpaka huyu mdogo aingie shule. Sijui kama nitafika huko. Wanataka jibu mwezi wa sita.

Usiniache huku.

Mama yako


Tarehe 9 Juni

Mama,

Shikamoo. Sasa hivi Kijiko amekificha kijiko chake kwenye kiatu changu, cha kushoto, akapanda kitandani mwenyewe na kulala bila kunitazama. Ni saa nane mchana, leo sina zamu. Nina nafasi ya kukujibu, na nimekuwa nikilikwepa hili kwa siku nyingi.

Unasema sikumbuki chochote. Uliniambia nikachukue taulo kwenye kamba nyuma ya nyumba. Lilikuwa la bluu, bado bichi. Kamba ilikuwa juu, nikapanda ndoo. Nilifurahi kwamba nimelifikia mwenyewe bila msaada, nikaja nalo mbio nikuonyeshe. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, nawe hukuwemo. Nililishika lile taulo mpaka likakaukia mikononi, na bibi alipotaka kulichukua nikamng'ata. Hilo bibi hakukusimulia. Basi usije ukaniambia tena kuhusu watoto na kusahau.

Nimemwambia wakala siendi. Akasema nimechezea bahati, kuna mabinti wanalia kuipata nafasi ile. Nikamwambia awape. Bosi wa dobi amenisogezea tu pasi yangu mahali pale pale ilipokuwa. Lile koti la safari Mama Funguo alitaka nilirudishe liwe blanketi. Nimekataa, akilivaa ndani ya nyumba nalo linatosha.

Umeandika nisikuache huko. Mama, niliposoma hapo nilikaa chini. Neno hilo nilikuwa nalo mimi kwanza, sikuwa na sauti tu ya kukuambia. Sikuandikii ili kukulipizia. Najua ulipanda zile ngazi mbio kwa ajili ya mtoto wa watu, mama yake akiwa hayupo kukukataza. Maana yake unajua. Siku zote ulikuwa unajua mtoto akilia mtu anafanya nini, na bado ukaniandikia kile kikaratasi. Hapo ndipo ninapokwama kila nikijaribu kukusamehe, nafika hapo hapo.

Kijiko nimemrudisha kitandani kwangu. Analala kwenye ukingo, amenipa kisogo. Akiguna kidogo tu nimeshafika, akikohoa nimefika, juzi nimeunguza shati la mteja kwa ajili ya kukimbilia chafya. Mama Funguo ananicheka, anasema, "Ulianza kwa kumnyima, sasa unamfukuza." Lakini haniiti, mama. Anaamka ananyamaza. Anaanguka anajiinua, anajipangusa magoti, anatazama pembeni. Watu wanamsifu, wanasema mtoto mtulivu huyu, hana usumbufu. Mimi nikisikia sifa hiyo natamani kuziba masikio.

Waambie hao wenye nyumba watafute damu ya mtu mwingine. Wewe rudi. Sisemi rudi uje kumlea Kijiko, wala sisemi rudi ubadilishane nami. Rudi na hayo magoti yako kama yalivyo. Hapa hakuna ngazi. Chumba ni kimoja na kitanda ni kimoja, tutabanana, na huenda miezi ya mwanzo nisiweze kukutazama usoni, uvumilie. Ukishindwa kuvumilia utaniambia nami nitakusikia. Sharti la nyumba hii ni moja tu, na nakuomba uje ukiwa umeshalikubali moyoni, kwamba humu ndani mtoto akilia, hata akilia kwa kitu cha kipuuzi, hata akiwa

Ngoja. Ameamka. Ngoja mama, ananiita, hajaniita tangu mwezi wa tatu na sasa ananiita kwa sauti yake yote, na mimi